Haina Sauti

Nyinyi vijana mna tabia moja inayoniudhi. Mnaingia dukani, mnachukua hedifoni ya kwanza inayong'aa, mnaivaa, mnapandisha sauti hadi mwisho, halafu mnamuuliza muuzaji kwa kelele, "Hii iko na besi?" Muuzaji amesimama mbele yenu na anaisikia hiyo besi kupitia kwa vichwa vyenu. Mimi niliuza hedifoni za hali ya juu hapa Eldoret hadi nikazeeka kazini, na swali hilo nililijibu nikitabasamu. Sasa nimestaafu, niko nyumbani kwangu Langas, na tabasamu lile nililiacha dukani. Kwa hivyo kaeni chini mnisikize, nyinyi ambao bado mnasikia.

Neno la kwanza. Hakuna kitu kinachoitwa hedifoni nzuri. Kuna hedifoni iliyo nzuri kwa muziki fulani, kwenye sikio fulani, juu ya kichwa fulani. Mtu akikuambia hii ndiyo bora kuliko zote, anataka iondoke kwenye rafu yake.

Hilo nilifunzwa na Mzee Rotich, mwenye duka. Alikuwa fundi wa redio kabla ya kuanza kuuza. Duka letu lilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na wateja walifika kwetu wakinuka dawa ya kupe. Mzee aliniajiri kwa sababu alinisikia kanisani nikiimba sauti ya pili. Kama hujawahi kuimba kwaya, jua kwamba tuna sauti nne: ya kwanza na ya pili ni za wanawake, ya tatu na ya nne ni za wanaume. Sauti ya pili haisifiwi na mtu yeyote, lakini ukiiimba unajifunza kusikia zile zingine tatu, maana usipozisikia utapotea.

"Mimi sitaki mtu ya kuuza," Mzee aliniambia. "Kuuza nitakufunza. Nataka mtu iko na masikio."

Sikujua bado kwamba alikuwa akitafuta masikio kwa sababu yake yalikuwa yanaisha.

Alinifunza hivi. Mteja akiingia, usimuulize anataka rangi gani. Muulize anasikiza nini akiwa amekasirika, kwa sababu mtu akiwa na furaha husikiza chochote. Akisema rege, mpe iliyofungwa nyuma, yenye vikombe vinavyoziba sikio kabisa, maana besi ni hewa na hewa ikipata mwanya inatoroka. Mwenye miwani, mwambie aivue kwanza. Mwenye rasta au kofia ya sufu, vilevile. Nimeona vijana wakirudisha hedifoni safi kabisa wakilia haina besi, kumbe besi inapita chini ya kofia.

Akisema rumba, ondoa zile za besi nene. Rumba ni magitaa yanayojibizana, na besi ikijaa sana utasikia mtu anapiga hodi mahali magitaa yanapiga soga. Akisema isukuti au ngoma yoyote ya mikono, mtafutie besi ya haraka, inayopiga na kuachilia. Ile nzito inakokota, na mwishowe ngoma tatu zinakuwa gunia moja linaloburutwa.

Na akisema kwaya, mpe iliyo wazi nyuma. Vikombe vyake vina matundu, hewa inaingia na kutoka, na zile sauti nne hazijazani katikati ya fuvu lako. Kila moja inapata mahali pa kusimama. Ubaya wake ni kwamba jirani naye atasikia kwaya yako, na wewe utasikia mbwa wake.

Mzee alikuwa mkali kuhusu jambo moja. Siku moja alikuja mkimbiaji, kijana mrefu aliyetoka tu kushinda mbio ng'ambo, akataka ile iliyofungwa kabisa.

"Mzee, nataka ile inaniblock kila kitu," akasema. "Niwe tu na ngoma yangu nikiwa kwa barabara."

"Kwa barabara gani?"

"Hii yetu tu. Asubuhi."

"Hii iko na malori ya mahindi?"

Kijana akacheka. Mzee hakucheka. Alirudisha hedifoni ndani ya sanduku na kumwambia, "Enda ununue kwa mtu ingine. Sitaki kuja matanga yako nikute kitu yangu." Yule kijana alishuka ngazi akitusi kwa Kiingereza. Nilidhani Mzee ni mshamba. Baadaye nilihudhuria matanga ya aina hiyo, ya kijana mwingine aliyenunua kwenye duka lingine, na tangu hapo mimi pia nilikuwa nikiuliza, "Kwa barabara gani?"

Sasa niwaambie habari ya Mama Kibet, kwa sababu ndiye ninayetaka mkumbuke hata mkisahau rege na rumba.

Alipanda ngazi zetu siku ya mvua, amevaa gambuti, kitambaa kichwani. Alikuwa mama mzee wa Kiplombe, wa ule umri wa akina mama waliotobolewa masikio usichanani na ndewe zikavutwa hadi zikaning'inia. Maisha yake yote alikuwa na kinu cha kusaga mahindi, na aliongea kwa kupaza kama watu wote wa vinu. Alitoa kitambaa kidogo mfukoni, akakifungua, na ndani mlikuwa na flashi.

"Kijana yangu ako hapa ndani," akasema. "Lakini sipati yeye."

Tulimpa kiti. Kibet alikuwa kitinda mimba wake, mwalimu wa shule ya msingi, na kanisani aliimba sauti ya tatu. Saratani ya koo ilimshika angali kijana, huku kwetu inawashika hivyo. Ilianza na chakula, chakula kikakataa kushuka, halafu ikachukua sauti. Miezi ya mwisho hakuweza kusema hata neno. Akitaka maji alinyanyua mkono, na mama yake aliyekaa mlangoni aliinuka. Simu yake ilipotea siku za mazishi, na kila kitu kilichokuwa ndani kikaenda nayo. Kilichobaki ni hizo nyimbo ambazo kwaya ilirekodi kabla hajaugua. Mama alizisikiza kwa redio ya jirani, kwa spika ya kanisa, kwa simu ya mjukuu. Alisikia kwaya. Mwanawe hakumsikia.

"Na daktari amesema hii masikio inafunga," akaendelea, akishika kwanza la kushoto, halafu la kulia. "Hii ni kama imefunga tayari. Hii ingine inafuata. Nataka niskie yeye kabla."

Mteja wa rege akikosea anarudi kesho, lakini huyu hakuwa na kesho nyingi.

Nikaenda kwenye kabati la kioo, nikatoa ile bora ya kwaya, iliyo wazi nyuma, ambayo Mzee hakuruhusu kila mtu aiguse. Nikahamishia nyimbo za flashi kwenye simu, nikaichomeka, nikamvisha. Akasikiza. Akatikisa kichwa.

"Haina sauti."

Nilijua sababu, au nilidhani najua. Hedifoni kubwa za aina ile zina njaa ya umeme, na simu haina nguvu ya kuzisukuma. Hilo nalo mlishike: ukinunua kubwa, nunua na amplifaya yake, la sivyo umenunua ng'ombe wa gredi na huna majani. Nikaleta amplifaya, nikaunganisha, nikafungua.

"Haina sauti."

Nikaongeza. Akatikisa kichwa. Nikaongeza tena. Kwa kuwa ile hedifoni ni wazi nyuma, duka zima likaanza kuisikia kwaya, na mteja aliyekuwa akichagua waya akageuka kutazama. Mama yule akaivua, akaiweka mapajani, akanitazama kama mtu anayeeleza mtoto.

"Kelele iko," akasema. "Sauti hakuna."

Hapo ndipo nilipoelewa, na niliona haya. Lugha yetu hii imelibebesha neno moja mizigo mingi. Tunasema ongeza sauti, tunasema ana sauti nzuri, tunasema anaimba sauti ya tatu, na yote ni sauti. Miaka yote niliyokuwa dukani, mtu akisema haina sauti mkono wangu unaenda wenyewe kwenye kirungu cha kuongeza. Huyu mama hakuwa anaomba nguvu. Alikuwa anamwomba Kibet.

Basi nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kwanza. Nikaivaa mimi, nikapunguza, nikafumba macho. Kazi ilikuwa chafu. Watu wa studio walikuwa wamerundika kibodi juu ya waimbaji, na ngoma juu ya kibodi. Nikashika sauti yangu ya pili, halafu kutoka hapo nikashuka taratibu kutafuta wanaume. Sauti ya nne nikaiona katikati. Sauti ya tatu ilikuwa imesimama kando kabisa, upande wa kushoto.

Upande wa kushoto. Sikio lake lililokufa.

Nikamuuliza, "Mama, Kibet alikuwa anaimba namna gani?"

"Mwalimu wa kwaya alikuwa anamgombeza," akasema. "Alikuwa anachelewa kuacha. Wengine wamenyamaza, yeye bado."

Nikarudi ndani ya wimbo. Mwisho wa ubeti wa kwanza kwaya nzima ilikata neno pamoja, na baada ya kukata, upande wa kushoto, sauti moja ya kiume ilibaki kidogo, peke yake, halafu ikaachilia. Kosa tupu. Studio yoyote nzuri ingelifuta, na namshukuru Mungu ile haikuwa nzuri.

Niliweka kando ile ya kabati la kioo. Nikashusha nyingine ya rafu ya juu, ya zamani, ambayo vijana waliiita hafifu kwa sababu besi yake ilikuwa kidogo. Katikati yake, pale mtu anapoongea, ilikuwa safi kama maji ya chemchemi, na vikombe vyake vilikuwa vipana. Nikamwomba mama ruhusa, nikarudisha kitambaa chake nyuma ya masikio, nikazikunja zile ndewe taratibu ili zikae ndani ya kikombe zisibanwe. Halafu nikaigeuza. Kikombe cha kushoto nikakiweka kulia, cha kulia kushoto. Kwenye vyuo vya sauti wangeniita mwendawazimu. Nikafungua, chini, chini kuliko hata ninavyofungua kwangu.

Akasikiza. Mzee Rotich alikuja akasimama karibu nami. Wimbo ukaenda hadi mwisho wa ubeti.

Yule mama hakulia. Aliitika. Alisema maneno kwa Kikalenjin, polepole, kama unavyomjibu mtu aliyebisha hodi ukiwa jikoni. Sikuelewa hata neno moja, na Mzee, aliyeelewa, alitoka akaenda kusimama kwenye ngazi.

Nilimwonya. Nilimwambia asikize chini vile vile, na asisikize muda mrefu, maana hilo sikio lililobaki ni kama mshumaa, kila akiuwasha unapungua. Aliniangalia akacheka.

"Nimesimama na kinu miaka yote, hakuna mtu ameniambia kitu," akasema. "Sasa kinu imekula, ndio mnaniambia nichunge?"

Ndio maana nawasumbua nyinyi ambao kinu hakijawala. Mzee Rotich alikuwa na msemo, "Sikio haina spea." Alijua anachosema. Alijaribu kila hedifoni iliyopita dukani, na alizijaribu kwa nguvu, kwa sababu enzi zao fundi aliyejaribu chini alionekana mwoga. Kwanza alianza kusema kwamba viwanda vimeharibika, hedifoni za siku hizi hazina zile sauti nyembamba za juu. Akawa anaziongeza kwa mashine. Wateja wakaingia dukani na kuziba masikio, maana kila wimbo ulikuwa unapiga mluzi kama birika. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Sikio la kufa halisikii dawa, na la tajiri wako ndiyo kabisa.

Mwishowe nilimkuta amekaa na hedifoni kichwani, ametulia, anatikisa mguu.

"Nafula," akaniita, "hii imewaka?"

Wimbo ulikuwa unapiga kwa nguvu hadi nausikia kutoka mlangoni. Nikamtikisia kichwa kwamba bado, halafu nikaizima, nikajifanya kuiwasha upya. Bado haikusikika kwake, na siku hiyo alijua. Hakurudi kujaribu kitu tena. Alikuwa akikaa pembeni akipanguza vumbi kwenye masanduku, na wateja wakimsalimu, alijibu salamu ambayo hawakutoa. Alikufa akiwa hivyo, katikati ya vyombo vya muziki, mtu aliyekuwa anaweza kukuambia gitaa lina nyuzi mbovu akiwa barabarani. Duka lilifungwa, nami nikarudi nyumbani.

Sikumwona Mama Kibet kwa muda mrefu. Halafu siku moja boda boda ikasimama kwa mlango wangu hapa Langas, akashuka na mfuko wa plastiki. Aliulizia hadi akanipata. Ndani ya mfuko ilikuwa ile hedifoni, imefungwa kwa shuka ya mtoto.

"Uza hii," akasema kwa kelele. "Imeisha. Mimi, si hii. Hii iko sawa."

Nikamwambia siwezi. Nikarudia kwa mikono, maana hakusikia. Tukanywa chai tukitazamana. Baadaye akaisukuma mezani, kuelekea kwangu.

"Basi skiza wewe. Uniambie kama bado ako."

Nikaivaa. Wimbo ukaanza. Yeye alikuwa amekaa mbele yangu, mikono magotini, ananitazama usoni kama watu wanavyomtazama daktari. Sikujua nitamwambiaje katikati ya wimbo, wala sikutaka kuuvunja. Kwaya ilipofika mwisho wa ubeti na kukata, na yule mwanaume wa upande wa kushoto akabaki, nikanyanyua mkono. Alipoachilia, nikaushusha.

Nilikuwa nimesahau habari ya ule mkono wa Kibet na maji. Nilipokumbuka nilitaka kuomba msamaha, lakini Mama Kibet alikuwa ameshainuka nusu kwenye kiti, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao sijauona kwa mtu mwingine. Akaketi tena, akasubiri ubeti wa pili.

Tangu hapo, akishuka mjini kununua vitu vyake, anapita kwangu. Hedifoni inakaa kwangu. Chai, wimbo, mkono, halafu anarudi Kiplombe. Hatuna mazungumzo mengine, na hatuyahitaji.

Mimi pia nilikuwa mjinga, msidhani nawahubiria kutoka mahali salama. Miaka niliyomcheka Mzee wangu, nilikuwa nikijaribu hedifoni kwa ajili ya watu kama nyinyi, "Mama ongeza kidogo, mama ongeza." Kwanza ilikuja filimbi, nyembamba, ya usiku na mchana, isiyo na mpulizaji. Halafu watu wakaanza kunong'ona makusudi, hivyo ndivyo nilivyowashtaki. Mnajua mwendo wake sasa. Nimewaeleza kwa habari ya Mzee.

Juzi Mama Kibet alikuja. Mvua ilikuwa inapiga mabati na yeye hakuisikia, aliingia ananisalimu kwa kelele iliyoizidi. Nikamimina chai. Nikaivaa hedifoni, nikafungua mahali petu pa kawaida, chini, halafu nikaongeza, halafu nikaongeza tena, mimi ambaye nimewakataza. Kibodi niliisikia. Ngoma niliisikia. Watu nilijua wapo, lakini zile sauti nne zilikuwa zimekuwa uji mmoja. Nikaitafuta yangu ya pili ili nishukie hapo, nikaikosa. Upande wa kushoto mlikuwa na filimbi tu.

Alikuwa amekaa mbele yangu, mikono magotini, ananitazama.

Wimbo ule naujua. Nilihesabu mistari kwa moyo, na pale kwaya inapokata nikanyanyua mkono. Akainuka kidogo kwenye kiti chake, kama kila siku. Nikangoja.

"Leo amekaa sana," akasema, na alikuwa anafurahi.

Mkono ulikuwa umeanza kuniuma, na sikujua niushushe lini.